Gotukola kwa miguu mizito: kuitambua, kuiotesha, kuikausha na kuinywa kwa kipimo

Ukivua soksi jioni, tazama ngozi iliyo juu ya kifundo cha mguu. Kama soksi imeacha mfereji unaozunguka mguu, na nusu saa baadaye mfereji bado upo, jua kuna maji yamebaki mguuni. Wengi wetu huusugua kwa kidole tukaenda kulala. Kazi yangu ni ya kusimama, nami niliusugua miaka mingi, hadi jioni moja viatu nilivyovaa asubuhi bila shida vikakataa kuingia. Ndipo nilipoanza kufuatilia mmea mmoja mdogo unaotambaa ardhini, ambao watu wa nchi za joto wameutumia tangu zamani kwa vidonda na ngozi, na ambao tangu miaka ya 1980 umejaribiwa kwa wagonjwa wa mishipa ya miguu. Mmea huo ni gotukola.

Jina limetoka katika Kisinhala, lugha ya Sri Lanka, ambako "kola" ni jani. Kwa kisayansi huitwa Centella asiatica. Malaysia wanauita pegaga, Vietnam rau má, Madagaska talapetraka. Ni wa ukoo mmoja na karoti na giligilani, jambo ambalo utaliona lina maana tutakapofika kwenye mzio.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye miguu yake huwa mizito na kuvimba jioni, kisha hupungua akilala, na pengine ana mishipa ya buluu iliyojikunjakunja chini ya ngozi. Gotukola hainyooshi mshipa uliokwisha kujikunja. Ninachokisema ni kidogo kuliko hapo: inaweza kupunguza uvimbe na ule uzito wa jioni, ikinywewa kwa kipimo, kwa muda maalumu, na mtu aliyepima miguu yake kabla ya kuanza. Hilo la mwisho ndilo watu huliruka, kwa hiyo ndilo ninaloanza nalo.

Hatua ya 1: Pima miguu kabla hujagusa jani

Damu inayoshuka mguuni husukumwa na moyo. Damu inayopanda haina msukumo wa namna hiyo. Inategemea misuli ya shavu la mguu: misuli ikijikaza, huibana mishipa na damu hurushwa juu, ikilegea, vali ndogo zilizo ndani ya mishipa hujifunga ili damu isirudi chini. Mtu mzima akisimama wima bila kusogea, shinikizo ndani ya mshipa wa kifundoni hufika karibu milimita 90 za zebaki. Akitembea, kama vali ni nzima, hushuka hadi 30 au chini ya hapo. Vali zikilegea au mshipa ukitanuka, shinikizo halishuki inavyopasa, na maji ya damu hupenya kwenye kuta za mishipa midogo na kujaa katika nyama. Huo ndio uvimbe wako wa jioni.

Chukua futi ya fundi cherehani, kalamu ya wino na daftari. Utapima mahali pawili kwa kila mguu. Pa kwanza ni pale pembamba kabisa, juu kidogo ya vifundo. Pa pili ni shavu la mguu: tafuta kwa kidole kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, shuka sentimita 10, weka alama ya wino, zungusha futi hapo. Futi iguse ngozi bila kuibonyeza. Pima asubuhi mara tu unapoamka, pima tena jioni kabla hujaketi kupumzika. Andika tarehe, saa, kushoto, kulia. Fanya hivyo siku 7.

Kinachotafutwa ni tofauti ya asubuhi na jioni kuliko namba yenyewe. Tuseme juu ya kifundo ulikuwa na sentimita 23 asubuhi na 24.5 jioni: hiyo 1.5 ndiyo utakayoifuatilia wiki zijazo. Mtu asiyeiandika huishia kusema "naona kama imenisaidia", na "naona kama" haiwezi kukuambia uendelee au uache.

Kisha fanya jaribio la kidole. Bonyeza kidole gumba kwenye ugoko, upande wa ndani, upana wa vidole vinne juu ya kifundo. Kaza, hesabu polepole hadi kumi, ondoa. Kama kuna maji, kidole kitaacha kijishimo chenye kingo laini, cheupe kidogo au chenye kung'aa, ambacho hujaa taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati. Hesabu sekunde mpaka kijae, uandike. Mara ya kwanza nilipojaribu nilipitisha ncha ya kidole juu ya kijishimo kile nikiwa nimefumba macho, na bado nilikuwa nakipata. Hakuna maelezo yaliyonishtua kama hilo.

Katika wiki hiyo ya kupima, kuna mambo ambayo ukiyaona, weka gotukola kando uende hospitali.

Mguu mmoja ukivimba peke yake, hasa ghafla, ukawa na maumivu, joto au wekundu, huenda damu imeganda katika mshipa ulio ndani zaidi ya mguu. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 kati ya mashavu ya miguu miwili, pale ulipoweka alama ya wino, ni mojawapo ya dalili ambazo madaktari huzihesabu. Usisubiri kesho. Na kama kuna kifua kinachouma, pumzi inayokata au kukohoa damu, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, maana bonge la damu huweza kuhama kutoka mguuni hadi kwenye mapafu.

Miguu yote miwili ikivimba na wakati huohuo unashindwa kupumua ukilala chali, au uso umevimba asubuhi na mkojo una povu, moyo au figo zichunguzwe kwanza. Mjamzito anayevimba ghafla, hasa akiwa na maumivu ya kichwa au macho kuona ukungu, apimwe shinikizo la damu siku hiyo. Ukipata maumivu ya shavu la mguu yanayokuja ukitembea na kuisha ukisimama, au vidole vya baridi visivyo na rangi, tatizo huenda liko kwenye ateri, mishipa inayoteremsha damu, na matibabu yake ni mengine kabisa. Kidonda juu ya kifundo kisichopona, au ngozi ya hapo inayogeuka nyeusi na ngumu, ni kazi ya kliniki.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii: dawa. Amlodipini, inayotumiwa sana kwa shinikizo la damu, huvimbisha vifundo vya baadhi ya watu. Ukiwa miongoni mwao, utakunywa majani mpaka uchoke. Usiiache dawa mwenyewe. Mwambie aliyekuandikia, kwa kuwa zipo nyingine za kubadilisha.

Hatua ya 2: Hakikisha ni gotukola kweli

Hapa makosa ni mengi, hasa kwa sababu ya majani ya mviringo yanayofanana. Usiamini picha moja. Piga magoti uuangalie mmea ulivyo.

Gotukola haisimami. Inatuma vitawi vyembamba, mara nyingi vyenye wekundu, vinavyotambaa juu ya udongo, na kila kwenye kifundo cha kitawi huota mizizi chini na kishada cha majani juu. Kila jani lina kikonyo chake kirefu. Jani lenyewe lina umbo la figo, upana wa sentimita 2 hadi 5 hivi, na kingo zake zina meno ya mviringo, butu. Sasa geuza jani utazame kikonyo kinaposhika. Kwenye gotukola kinashika pembeni, ndani ya ule mkato wa figo, na mistari ya jani inafunguka kutoka hapo kama kipepeo cha mkono. Maua ni madogo sana, ya waridi au mekundu hafifu, na hujificha karibu na ardhi chini ya majani.

Mmea unaochanganywa nayo zaidi ni jamii ya Hydrocotyle, inayopenda maji vilevile. Baadhi ya jamii hiyo, hasa zile zinazouzwa kama mapambo ya bwawa, zina jani la duara kamili, na kikonyo kinashika katikati ya tumbo la jani, mithili ya mwavuli. Ukiona mwavuli, acha. Lakini tahadhari: zipo Hydrocotyle nyingine zenye mkato kama wa gotukola, kwa hiyo kikonyo peke yake hakitoshi, angalia pia umbo la figo na yale meno butu. Mwingine ni Dichondra, unaopandwa kama zulia la bustani: jani lake lina umbo la figo, ila kingo zake ni laini bila meno hata moja.

Jina la "brahmi" nalo linaleta mkanganyiko. Nchini India jina hilo hutumika kwa gotukola na pia kwa Bacopa monnieri, mmea mwingine kabisa wenye majani madogo manene yasiyo na kikonyo kirefu. Ukinunua mbegu, unga au vidonge, tafuta maneno Centella asiatica kwenye lebo. Kama hayapo, hujui unachonunua.

Na hata ukiwa na uhakika wa mmea, fikiria ulikoota. Gotukola hupenda mitaro, kingo za mashamba ya maji na malisho yenye tope. Huvuta madini mazito kutoka kwenye udongo mchafu, na mimea ya majini iliyo karibu na mifugo huweza kubeba vimelea vya minyoo ya ini, ambavyo jicho halivioni na kuosha kwa maji hakuviondoi vyote. Binafsi sichumi ya mtaroni hata iwe na afya kiasi gani.

Hatua ya 3: Iotesheni nyumbani, haina makuu

Kitawi kimoja chenye vifundo vitatu au vinne vilivyokwisha kutoa mizizi kinatosha. Tafuta chombo kipana kuliko kirefu, chenye matundu chini. Kina cha sentimita 15 kinatosha maana mizizi haiendi mbali. Jaza udongo uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri. Laza kitawi juu ya udongo, kandamiza kila kifundo kidogo, mwagia maji.

Kivuli cha nusu siku ndicho kinachoifaa. Jua kali la mchana kutwa hulifanya jani kuwa dogo, gumu na la manjano. Kivuli kizito hulirefusha kikonyo na kulilegeza jani. Udongo usikauke kamwe, lakini maji yasisimame. Kama miche imechangamka, baada ya miezi miwili hadi mitatu chombo kitakuwa kimefunikwa. Ukiipanda ardhini moja kwa moja, jiandae kuifukuza, kwa kuwa itavuka mpaka wa bustani bila kukuomba ruhusa.

Usipulizie dawa ya wadudu. Konokono ndio adui mkubwa. Watoe kwa mkono usiku ukiwa na tochi.

Hatua ya 4: Kuvuna na kukausha

Chuma majani yaliyokomaa, kijani cha kukolea, pamoja na vikonyo vyake, ukikata kwa mkasi. Majani yana viambata vya dawa zaidi kuliko mizizi, kwa hiyo hakuna haja ya kung'oa. Acha theluthi moja ya majani ili mmea urudi.

Osha kwenye maji safi mara tatu, ukibadilisha maji. Tandaza kwenye kitambaa safi, yapate hewa mpaka maji ya juu yaishe. Kisha sambaza kwa tabaka moja juu ya chekecheke au wavu, mahali penye kivuli na upepo. Jua la moja kwa moja hupausha jani. Ukitumia mashine ya kukaushia, joto lisizidi nyuzi 50.

Utajuaje kuwa yamekauka? Usilitazame jani, kwa kuwa jani hudanganya: hukauka mapema na kuonekana tayari. Chukua kikonyo ukikunje. Kikipinda, rudisha. Kikivunjika kwa mlio, yamekauka. Niliwahi kuwahi kufunga chupa kwa kuangalia jani tu, na baada ya wiki mbili nikafungua nikakutana na harufu ya ukungu. Chupa nzima ilikwenda kutupwa, pamoja na kazi ya miezi mitatu. Jani lenye ukungu halioshwi wala halikaushwi upya.

Saga yakiwa makavu, kinu au mashine yoyote ya jikoni, mpaka upate unga wa kijani usio na vijiti. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, gizani, uandike tarehe. Ukipita mwaka, anza upya.

Hatua ya 5: Kipimo cha kinywaji

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1999 juzuu la kwanza la maelezo ya mimea tiba teule, na gotukola imo. Kipimo kilichoandikwa humo ni gramu 0.33 hadi 0.68 za majani makavu, mara tatu kwa siku. Ni kiasi kidogo, chini ya gramu moja kwa kikombe, nacho ni kidogo kuliko konzi ambazo watu hutumbukiza birikani.

Tatizo ni kwamba mizani mingi ya jikoni haisomi nusu gramu. Suluhisho ni hili: pima gramu 10 za unga. Umwage juu ya karatasi safi, uunyooshe kwa kisu uwe mstari mmoja ulio sawa, ukate katikati, kila nusu uikate katikati tena, upate mafungu manne. Kila fungu ligawe matano. Utakuwa na vifungu 20 vya gramu 0.5 kila kimoja. Mimina kimoja kwenye kijiko kidogo utakachotumia kila siku, uone kinafika wapi, uweke alama. Kuanzia hapo kijiko hicho ndicho mzani wako, kwa unga huo. Ukisaga unga mwingine, pima upya, kwa kuwa unga laini na unga wa chengachenga haujazi kijiko sawasawa.

Weka kipimo kimoja kwenye kikombe, mimina maji yaliyotoka kuchemka, mililita 150 hivi, funika, subiri dakika 10 hadi 15. Ladha yake ni ya majani mabichi, na uchungu mwishoni. Asubuhi, mchana, jioni.

Kuchuja au kutochuja? Mimi sichuji, na nina sababu. Kwa mujibu wa maelezo yaleyale ya mwaka 1999, majani makavu ya dawa yanatakiwa yawe na angalau asilimia 2 ya viambata vikuu, asiatikosidi na madekasosidi. Gramu 0.5 mara tatu ni gramu 1.5 kwa siku. Asilimia 2 ya hapo ni miligramu 30. Hizo ni kama zote zimefika tumboni. Ukichuja, kile ambacho maji hayakukivuta unakitupa. Koroga unywe na unga wake.

Hatua ya 6: Kama unataka vidonge, soma lebo kwa hesabu hiyohiyo

Majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa mishipa hayakutumia chai. Yalitumia dondoo iliyokolezwa, yenye takriban asilimia 40 ya asiatikosidi na iliyobaki ikiwa asidi ya asiatiki na asidi ya madekasiki. Mojawapo linalojulikana sana lilichapishwa mwaka 1987: wagonjwa 94 wenye udhaifu wa mishipa ya miguu waligawanywa, wengine wakapewa miligramu 120 kwa siku, wengine 60, wengine kidonge kisicho na dawa, kwa miezi miwili. Waliopewa dondoo walipata nafuu ya uzito wa miguu na uvimbe kuliko waliopewa kidonge kitupu.

Nakueleza pia upande wa pili. Mwaka 2013 watafiti waliyapitia majaribio manane ya aina hiyo kwa pamoja. Waliona dalili za manufaa, lakini wakaonya kwamba majaribio mengi yaliandikwa kwa uhaba wa maelezo kiasi kwamba hayawezi kutegemewa kama uthibitisho thabiti. Ndiyo maana nasema "inaweza kupunguza" na sithubutu kusema "inaponya". Anayekuuzia chupa kwa neno "inaponya" anajua hilo au hajasoma.

Dukani utakutana na vitu viwili vinavyofanana sura. Kidonge cha "miligramu 500 za unga wa jani" ni majani yaliyosagwa, na kwa hesabu yetu kina karibu miligramu 10 za viambata. Kidonge cha dondoo huonyesha kiasi cha triterpeni chenyewe, yaani kundi la vile viambata vikuu vya gotukola. Kipimo cha utafiti, miligramu 60 hadi 120 kwa siku, kinahusu triterpeni. Ukichanganya hesabu hizi mbili utakunywa kidogo mno au kupita kiasi. Lebo isiyotaja triterpeni ichukulie kuwa ni ya unga tu. Na usinywe chai na dondoo siku moja.

Kwa haki, niseme kwamba dondoo ya mbegu za mti wa Aesculus hippocastanum imefanyiwa majaribio mengi na bora zaidi kwa tatizo hilihili. Lakini hiyo ni ya kiwandani tu. Mbegu zake mbichi zina sumu, na hakuna namna ya nyumbani ya kuziandaa. Gotukola naipenda kwa kuwa mtu anaweza kuiotesha kwa mkono wake na kujua kilichomo kikombeni.

Hatua ya 7: Nani asinywe

Ini ndilo la kulindwa. Mwaka 2005 madaktari waliripoti wanawake watatu waliopata homa ya ini na macho ya manjano baada ya kutumia vidonge vya gotukola kwa siku kati ya 20 na 60. Walipoviacha na kutibiwa walipona. Ni matukio machache, lakini yanatosha kuweka masharti: aliye na ugonjwa wa ini, anayekunywa pombe nyingi, au anayetumia dawa zinazolielemea ini asiianze bila daktari. Kiwango kikubwa cha parasetamoli kila siku kimo humo. Ukiwa unainywa ukaona mkojo mweusi, macho ya manjano, mwili kuwasha, kichefuchefu au uchovu usio na sababu, acha siku hiyo ukapime ini.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasinywe. Anayetumia dawa za usingizi au za kutuliza asichanganye, kwa kuwa gotukola huweza kuzidisha usingizi. Anayetumia dawa za kisukari amweleze daktari na apime sukari mara kwa mara. Anayepangiwa upasuaji aache wiki mbili kabla. Anayepata mzio kwa karoti au giligilani ajiepushe, na hapo ndipo ule ukoo niliotaja mwanzo unapohusika. Tumbo kuvurugika na kichwa kuuma hutokea kwa baadhi ya watu. Kunywa baada ya kula husaidia, na kama haisaidii, acha.

Hatua ya 8: Mpe jani mwenzake, yaani shavu la mguu

Nikilazimika kuchagua kati ya kikombe na kusogeza mguu, nitachagua kusogeza mguu. Rudi kwenye zile namba, 90 na 30. Hakuna jani linaloshusha shinikizo hilo ndani ya hatua chache kama misuli yako inavyofanya.

Ukiwa umesimama kazini, inuka kwa ncha za vidole, shusha visigino taratibu, mara 15, kila baada ya nusu saa. Ukiwa umeketi, kanyaga kisigino, inua vidole, kisha kanyaga vidole, inua kisigino, kama mtu anayeendesha cherehani ya miguu. Jioni lala chali na miguu juu ya mto, vifundo viwe juu ya usawa wa moyo, dakika 15 hadi 20. Kuweka miguu juu ya stuli ndogo ukiwa umeketi hakutoshi, kwa kuwa bado iko chini ya moyo.

Soksi za kubana husaidia sana, ila zivaliwe asubuhi kabla ya uvimbe, na zisivaliwe na mtu mwenye tatizo la ateri. Mwombe muuguzi apime kwanza mapigo ya damu mguuni.

Hatua ya 9: Wiki ya sita, fungua daftari

Kunywa wiki 6, kisha pumzika wiki 2. Wakati wote huo endelea kupima jioni na asubuhi angalau siku mbili kwa wiki, ukiwa umefanya kazi ya kawaida, maana siku ya kulala nyumbani haiwezi kulinganishwa na siku ya kusimama.

Chukua tofauti za wiki ya kwanza, zile za kabla ya kuanza, uzijumlishe na kuzigawanya kwa idadi ya siku ulizopima. Fanya vivyo hivyo kwa wiki ya sita. Kama 1.5 imekuwa 0.8, na kijishimo cha kidole kinajaa mapema kuliko zamani, una sababu ya kurudia baada ya mapumziko. Kama 1.5 imebaki 1.4, usiongeze kipimo. Futi si ya kubishana nayo: peleka daftari kwa daktari, umwombe kipimo cha ultrasaundi ya mishipa, kitakachoonyesha ni vali ipi inayovuja na damu inarudi nyuma kwa muda gani. Kurasa zako za sentimita zitampa historia ambayo wagonjwa wengi hawana.

Katika zile wiki mbili za mapumziko usiache mazoezi ya shavu la mguu. Uvimbe ukibaki chini bila kikombe, inawezekana misuli ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi hiyo, na unga uliobaki kwenye chupa unaweza kusubiri.